Hiyo Haina Stempu

Mwalimu Lazarus Ondiek alikuwa na beseni lake mwenyewe la plastiki, la bluu, na ole wake ambaye angethubutu kufulia soksi humo. Lilikuwa beseni la kulowekea bahasha. Kila Jumamosi, katika nyumba yao ya kupanga pale Kitengela, alikata pembe za bahasha zenye stempu, akazilaza kwenye maji ya vuguvugu, akangoja gundi ilegee, kisha akazitoa stempu moja moja kwa kibano na kuzianika juu ya gazeti. Mke wake Selpha, aliyefundisha chekechea ya kanisa, aliwaambia wageni kwamba ameolewa mitala, ila mke mwenzake anaishi kwenye beseni.

Si kila stempu iliyomtia wazimu. Za wanyama, za marais na za michezo ya Olimpiki alizitumia kubadilishana na wenzake tu. Alichotaka ni atomu. Alikuwa amefundisha fizikia miaka kumi na mitano katika shule moja ya upili nje kidogo ya mji wa Kajiado, na aliamini kwamba nchi inapokiweka kitu kwenye stempu imekiri kwa mdomo wake kuwa kitu hicho ni kikubwa. Alikuwa na ya Ujerumani yenye mchoro wa kiini cha atomu kikipasuka. Alikuwa na za New Zealand zinazomkumbuka mwana wa nchi hiyo aliyekigundua kiini chenyewe. Alikuwa na ile ya Marekani ya mwaka 1955 inayohubiri atomu kwa ajili ya amani, na hiyo hakuacha kuikejeli mbele ya wanafunzi. Hawa walianza na bomu, aliwaambia, ndipo wakakumbuka amani.

Shuleni kila mtu aliujua ugonjwa wake. Wanafunzi walimletea bahasha za wajomba walio ng'ambo, walimu wenzake wakamwekea zao, na zote zikaishia kwenye kishubaka chake cha mbao katika chumba cha walimu, mpaka kikafura na kushindwa kumeza zaidi. Barua zenyewe zililetwa na tarishi wa shule, Mzee Maundu, Mkamba mwembamba wa miaka hamsini na kitu. Kila asubuhi Maundu alienda posta kwa baiskeli, akafungua sanduku la shule, na kabla hajampa mtu barua yake aliigeuza mgongo akaigonga muhuri wa shule: IMEPOKELEWA, na tarehe. Aligonga hata kadi za Krismasi. Shule aliiachia darasa la nne, lakini muhuri wake ulikaa wima, haukuinama wala kufifia, na Lazarus, ambaye alijua muhuri mzuri akiuona, alikuwa akimsifu mbele ya watu.

Katikati ya mwaka 1998 Selpha akaanza kutokwa na damu isiyo ya mwezi. Wakapimwa huku, wakapimwa kule, na mwishowe daktari mmoja wa Nairobi akawaambia ni kansa ya mlango wa kizazi. Akawaambia pia kwamba bado haijatembea, na kwamba mionzi ingeweza kuimaliza, mradi tu wasichelewe. Wagonjwa walikuwa wengi na mashine hazikutosha, kwa hiyo hospitali ingewaandikia barua kuwapa siku ya kuanza. Nyumbani hawakuwa na simu. Lazarus akatoa anwani ya shule.

Tuseme ukweli, mtu huyu hakuogopa jinsi mume mwingine angeogopa. Jioni hiyo alimfungulia Selpha albamu yake mezani, akamwonyesha ukurasa baada ya ukurasa: huyu aligundua mionzi, hawa wakagundua radiamu, na ndiyo hiyo baadaye watu wakaanza kuchomea uvimbe. Alieleza kwa furaha kama mtu anayewatambulisha jamaa zake wenye vyeo. Selpha alisikiliza, mkono tumboni.

"Na hawa watu wako, Baba Elsie," akasema, "mimi wananijua?"

Walicheka wote wawili, na binti yao Elsie, aliyekuwa na miaka kumi na saba, akacheka nao. Kicheko hicho Lazarus alikuja kukikumbuka mara nyingi kuliko alivyotaka.

Sasa sikia alichofanya, kwa sababu hakuna mtu mwingine Kajiado nzima ambaye angefanya hivyo. Aliporudi hospitalini kuthibitisha anwani, alimpa karani wa pale bahasha nyeupe aliyokwisha kuiandika kwa mkono wake, jina lake na sanduku la shule, na kwenye pembe akaibandika stempu nzuri ya maua. Akamwomba karani atumie hiyo ili barua isichelewe kwa kungoja mambo ya ofisi. Karani akaipokea, akasema sawa, akaitupia chini ya kaunta. Kuanzia siku hiyo Lazarus akawa anangoja bahasha nyeupe yenye stempu ya maua. Aliingoja kwa macho, hata kwa mbali angeitambua. Kila jioni Selpha aliuliza kama barua imekuja, na kila jioni alimjibu kwamba akiiona tu ataijua.

Tarehe saba Oktoba, Jumatano, Maundu aliingia chumba cha walimu wakati wa chai akiwa na barua mbili za Mwalimu Ondiek. Ya kwanza ilitoka Ufaransa, kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa akibadilishana naye stempu kwa miaka. Lazarus aliitambua kabla haijafika mezani. Mwaka huo radiamu ilikuwa ikitimiza miaka mia moja tangu igunduliwe, Ufaransa ilikuwa imetoa stempu ya kuiadhimisha, na hiyo hapo ilikuwa imebandikwa kwenye pembe, haina hata mkwaruzo: mume na mke waliofanya kazi hiyo pamoja. Aliishika kwa ncha za vidole. Aliwaita walimu waje waone. Maundu alibaki amesimama kando, ameshika ile ya pili.

"Mwalimu, na hii ya kaki?" akasema. "Iko na jina yako."

Lazarus alitupa jicho moja. Bahasha ya kaki, jina lililopigwa kwa taipu, na mahali pa stempu palikuwa na muhuri mwekundu wa mashine, ule wa barua za serikali. Barua kama hizo zilimjia kila muhula, mambo ya mshahara, mambo ya fomu.

"Hiyo haina stempu, Mzee," akasema. "Weka kwa kishubaka."

Maundu akaiweka kwenye kishubaka. Siku iliyofuata wanafunzi wa kidato cha tatu wakaleta bahasha kumi na mbili juu yake, na wiki iliyofuata nyingine.

Aliipata tarehe tisa Novemba, alipokuwa anakusanya bahasha za kupeleka nyumbani kulowekwa. Aliifungua akiwa amesimama. Bi. Selpha Ondiek afike Jumatatu tarehe 19 Oktoba saa mbili asubuhi, aje na karatasi zake zote, na asiyefika siku yake ataanza foleni upya. Alisoma mara tatu, na mara zote tatu tarehe ilikuwa ile ile. Kisha akaigeuza bahasha mgongo. IMEPOKELEWA, 7 OKT 1998. Muhuri ulikuwa wima, kila tarakimu inasomeka.

Kesho yake alikwenda Nairobi peke yake. Alibembeleza, akatoa kitambulisho cha ualimu, akajaribu hata kumweleza karani kwamba yeye ni mtu wa fizikia. Karani alikuwa yule yule. Aliuliza kuhusu bahasha nyeupe, na karani akamwambia bila ubaya wowote kwamba barua za ofisi zinaenda na bahasha za ofisi. Nafasi ya Selpha ilikuwa imepewa mwingine. Nafasi nyingine ilikuwa mwezi Aprili.

Selpha alikuwa ameketi kitandani alipomwambia. Lazarus alikuwa amepanga kusema kweli. Kwa jina la yote anayoyaheshimu alikuwa amepanga, tangu stendi ya Nairobi hadi mlangoni kwake. Lakini Selpha alimtazama na kumuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, barua ilikuwa wapi mwezi mzima. Na mdomo wake ukajibu wenyewe.

"Maundu alikaa nayo," akasema.

Maneno matatu. Mtu hutumia mengi zaidi kununua kitunguu. Alidhani yatabaki chumbani humo, kati ya mume na mke, yampe siku mbili za kupumua, kisha atayarekebisha. Lakini Selpha alikuwa na kaka, Nashon, fundi wa magari pale Kitengela, mtu asiyejua kukaa na hasira nyumbani. Jumatatu Nashon alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, anataka kujua ni tarishi gani anayefuga barua za wagonjwa.

Mwalimu mkuu, Mureithi, aliwaita wote ofisini. Maundu aliingia na kofia mkononi. Alieleza kwamba barua ilifika tarehe saba, siku ile ya barua ya Ufaransa, kwamba aliigonga muhuri na kumpa Mwalimu mkononi, na Mwalimu akamwambia aiweke kwenye kishubaka. Hakupandisha sauti. Alisema tu itazamwe bahasha yenyewe, tarehe iko mgongoni.

Mureithi akamgeukia Lazarus akamwomba bahasha.

Hapo ndipo mtu anapopimwa, si kwenye mtihani wa fizikia. Bahasha ilikuwa ndani ya mkoba wake, miguuni pake. Nashon alikuwa amesimama nyuma yake, akipumua kwa nguvu. Kama angeitoa, jioni hiyo hiyo Selpha angejua kwamba uhai wake ulikaa mwezi mzima kwenye kishubaka cha mumewe, chini ya takataka zake za kuloweka. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, ila hawakusema ufanyeje ukigundua nguo ni yako.

"Niliitupa," akasema.

Maundu akamtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anashangaa tu.

"Mwalimu," akasema, "wewe hujawahi kutupa bahasha."

Kila mtu chumbani alijua hilo ni kweli. Mureithi alijua, maana hata za kwake alimpa. Lakini upande mmoja alikuwepo mwalimu mwenye shahada na mke mgonjwa, upande wa pili tarishi wa darasa la nne, na wenye shule hawakutaka maneno na watu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, ndivyo tunavyowafundisha watoto. Tukikua tunachukua ile nusu ya kwanza. Maundu aliachishwa kazi mwisho wa mwezi, baada ya miaka kumi na minane. Alikabidhi funguo za sanduku, baiskeli na muhuri.

Desemba ikapita. Beseni la bluu likawa la kulowekea vitambaa vya Selpha, na Lazarus mwenyewe ndiye aliyevifua, asubuhi kabla ya kwenda kazini, maji yakibadilika rangi mikononi mwake. Hakuloweka stempu tena mwaka huo. Selpha alikonda mpaka pete ikawa inamtoka. Wakija waumini kumwombea, alimsamehe kila mtu aliyewahi kumkosea, akawataja kwa majina, halafu akasema kuna mmoja tu aliyemshinda, na Mungu amwelewe.

Januari, siku ya Jumapili, Maundu akaja. Alikuwa amesafiri kutoka Kajiado na kuku mmoja na machungwa ndani ya kiondo, kumjulia mgonjwa hali, kwa sababu kwao mtu wa kazini akiuguliwa unaenda, hata kama kazi yenyewe haipo tena. Nashon alikuwa ametoka, pengine Mungu alipanga. Lazarus alimkaribisha mpaka chumbani, maana hakujua afanye nini kingine. Maundu akasema pole mama, akanyoosha mkono wake wa kulia, na wa kushoto akaushikisha kwenye kiwiko kama inavyofaa.

Selpha aliutazama ule mkono. Kisha akageukia ukuta.

Mkono wa Maundu ulikaa hewani kwa muda ambao Lazarus angeweza kusema sentensi nzima. Sentensi alikuwa nayo. Ilikuwa fupi: si yeye, ni mimi. Alitazama dirisha. Maundu akaurudisha mkono wake taratibu, akasema Mungu akusaidie mama, akatoka. Alipokuwa amefika barabarani, Selpha akamwambia Elsie amkimbilie amrudishie vitu vyake. Elsie akakimbia na kiondo na kuku. Aliporudi mikono mitupu hakuna aliyemuuliza lolote.

Selpha alikufa tarehe kumi na moja Machi, wiki chache kabla ya zamu yake ya pili. Walimsafirisha kwao magharibi, na kwenye mazishi mhubiri alizungumza kirefu juu ya watu wanaozembea kazi ndogo ndogo wasijue zinabeba roho za wengine. Watu wakatikisa vichwa. Lazarus naye akatikisa.

Ile bahasha hakuichoma. Mara mbili alishika kiberiti, mara mbili akakirudisha jikoni. Mwishowe aliiweka ndani ya albamu, nyuma ya ukurasa wa stempu ya Ufaransa, akabandika kingo.

Miaka ikaenda. Elsie alimaliza chuo, akapata kazi katika ofisi ya bima Nairobi, akawa anarudi Kitengela jioni kumpikia baba yake, ambaye nywele zilikuwa zimeisha na kustaafu kulikuwa mlangoni. Mwaka 2005 dunia nzima ilikuwa ikiadhimisha fizikia, na wapenda stempu wa Nairobi wakaamua kufanya maonyesho madogo katika ukumbi mmoja mjini. Walimwandikia Mwalimu Ondiek kumwomba alete mkusanyiko wake wa atomu. Hakutaka. Ni Elsie aliyemjibia akakubali, kwa sababu alitaka kumwona baba yake akifurahia kitu kabla hajazeeka kabisa. Jumamosi moja alasiri akakaa na albamu mezani kuandika maelezo ya chini ya kila stempu.

Lazarus alikuwa kibarazani akichambua mchele. Alisikia kurasa zikigeuzwa, kisha hakusikia kitu. Aliendelea kuchambua mchele ambao haukuwa na mawe tena.

Elsie alitoka na bahasha ya kaki mkononi. Ukurasa ulikuwa umevimba, akasema, akadhani ni unyevu. Alikuwa amefanya kama alivyofundishwa tangu utotoni na baba huyu huyu: ukipata bahasha, kwanza igeuze, mgongo ndio unaojua imepita wapi. Alikuwa ameshaisoma tarehe. Tena aliikumbuka siku hiyo, baba alivyorudi na ile ya Ufaransa akiipunga kutoka langoni.

"Mama alijua?" akauliza.

Lazarus akasema hapana.

Alingoja binti yake alie, au ampigie kelele, jambo ambalo angelipokea kwa shukrani. Elsie aliketi kwenye ngazi, bahasha magotini.

"Mimi ndiye nilimrudishia machungwa," akasema. "Mzee alinishukuru, Baba. Alisema asante mwanangu."

Hawakwenda kwenye maonyesho. Siku ya soko walikwenda Kajiado, Elsie mbele, Lazarus nyuma akiwa amevaa tai, hakujua kwa nini. Waliambiwa Maundu anauza kamba za kufungia ng'ombe kando ya soko la mifugo, na walimpata hapo, amezeeka, anapatana bei na Mmasai mmoja kijana. Alipomwona Lazarus alimaliza kwanza biashara yake. Kisha akawasalimu kwa mdomo.

Lazarus alikuwa ameiandaa hotuba. Ilimpotea yote. Alitoa bahasha akampa, akasema ilikuwa kwenye mkoba siku ile, na kwamba alikosa, na kwamba alikuwa tayari kwenda shuleni, kwa Nashon, kanisani, popote, akaseme mbele ya watu.

Maundu hakuonekana kusikia habari za popote. Aliigeuza bahasha mgongo, akaisogeza mbali na macho kama wanavyofanya wazee, akaisoma. Akapitisha kidole gumba juu ya muhuri.

"Niligonga vizuri," akasema.

Elsie akamnyooshea mkono, wa kushoto kwenye kiwiko. Maundu alimtazama usoni mpaka akamtambua, akaupokea kwa mikono yake miwili, akaushika kwa muda. Wakasimama hivyo, ng'ombe wakipiga kelele nyuma yao.

Lazarus naye akanyoosha wa kwake. Maundu aliuona. Aliutupia mzigo wake wa kamba begani, akaiweka bahasha kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo.

"Yule alifaa kukataa mkono wako ni Mama Elsie, si mimi, Mwalimu," akasema. "Na yuko chini ya udongo."

Lazarus aliitazama bahasha pale mfukoni. Miaka saba alikuwa ameihifadhi, na hata sasa, Mungu amsamehe, mkono wake uliobaki hewani ulisogea kidogo kuelekea kule, kama mkono wa mtu anayetaka kitu chake.

"Hii utaniachia," Maundu akamwambia. "Haina stempu."